Udongo Uliopewa Homa

Umeme ulipofika Kwemvumo haukuja kwa watu. Ulikuja kwa udongo. Nguzo zilipanda mlima kutoka barabara ya Muheza, zikapita mbele ya msikiti, mbele ya kanisa la Wakatoliki, mbele ya zahanati na mbele ya duka langu, zikatupita sote bila hata salamu, zikaingia msituni. Huko mafundi walifukia nyaya ardhini, wakawasha. Sisi tukabaki na vibatari vyetu.

Mimi ni Hafidh, Mpemba wa Micheweni. Nimekaa mlima huu mpaka mvi zikaniota, nikinunua karafuu na iliki na kuuza sukari, chumvi na kahawa. Nasema mapema kwamba jambo hili linaniudhi mpaka leo. Asiyependa kusikiliza mtu mwenye hasira akatafute msimuliaji mwingine, wako wengi na wapole.

Mradi wenyewe ulikuwa na jina refu lisilokaa mdomoni. Watu wakauita Mradi wa Homa, na jina hilo kwa kweli alitupa mwenyewe Daktari Alexander, siku aliyotukusanya shuleni kutueleza. Alikuwa msomi wa chuo kikuu, mtoto wa wakulima wa upande wa Lushoto, mpole, anayeamkia kila aliyemzidi hata kwa mwaka mmoja.

"Dunia inapata joto," alituambia. "Na chini ya misitu yetu kuna kaboni nyingi sana imelala udongoni. Majani yanaanguka, yanaoza, vijidudu vinayala, na vikila vinapumua kama sisi. Joto likizidi, vinakula kwa pupa na kuhema zaidi. Pumzi ile ikipanda angani, inaongeza joto jingine. Tunataka kujua udongo huu utahemaje siku joto likizidi nyuzi nne. Ndiyo maana tunaupasha. Tunaupa homa kwa makusudi."

Mama Anastazia akanyoosha mkono. "Daktari, mnampa mtu mzima homa ili mjue akiugua atakuwaje?"

Darasa likacheka. Daktari naye akacheka, akasema hakuna aliyewahi kumweleza utafiti wake vizuri namna hiyo.

Mama Anastazia jina lake la ubatizo ni Bibiana. Baba yake aliletwa kutoka Songea kuja kukata mkonge, mkonge ukaanguka bei, mzee akapanda mlima akanunua kipande cha ardhi kilichoshikana na msitu. Ndicho Bibiana alichonacho. Iliki imekaa kivulini chini ya miti mikubwa, mikarafuu imesimama juu ya mteremko, migomba iko kando, na katikati ya iliki kuna kaburi la mumewe lenye msalaba wa saruji. Watoto wake wote wamesomeshwa na kipande kile. Mimi na yeye tunataniana sana. Yeye huniita mkoloni wa karafuu, mimi humwuliza kama padri anajua anavyonipunja kwenye mizani.

Siku ile ile shuleni akasimama mwenyekiti wa kamati ya mradi, mtu mnene wa kutoka mjini ambaye kila mtu alimwita Mheshimiwa, nami sikupata kujua kwa nini. Akasema utafiti ukionyesha kwamba udongo unahema kupita kiasi, basi mashamba yote yanayopakana na msitu yatafungwa na kuunganishwa na hifadhi, ili udongo upumzike. Eneo hilo lingeitwa Ukanda wa Utulivu. Alilitamka jina hilo polepole, kama mtu anayeonja mchuzi alioupika mwenyewe.

Bibiana hakucheka tena. Njiani kurudi aliniuliza, "Hafidh, shamba langu limo?"

Nikamwambia limo. Ndilo la kwanza.

Msituni waliweka miviringo ya udongo iliyozungushiwa kamba, mingine ya juu mlimani, mingine ya chini karibu na mashamba. Ndani ya kila mviringo kulikuwa na vyombo vyeupe vilivyofunikwa ardhini kunasa pumzi. Vilifanana na makawa ya kufunikia chakula, basi tukaviita makawa. Mlinzi alikuwa Mudathir wa hapa hapa kijijini, kapewa buti na filimbi, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha hakuna anayeugusa udongo.

Kikaingia kipupwe. Wa pwani mnaosikia kipupwe mkafikiri ni upepo mzuri wa kulalia, njooni Kwemvumo. Ukungu unaingia mpaka chini ya kitanda, nguo hazikauki, na ndizi ukizivundika zinakaa shimoni mpaka unazisahau. Huku ndizi zetu huzikata mbichi, tukazifukia katika shimo lililotandikwa majani makavu ya mgomba na kupashwa kwa moto kidogo, zikatoka za manjano. Wakati wa kipupwe kuni zinalia maji na shimo linakuwa baridi kama kisima. Na lori linalopeleka ndizi Horohoro halitaki ndizi ya kijani. Wanunuzi wa mpakani hawajui habari za kipupwe chetu.

Asubuhi moja Bibiana aliingia msituni kuokota kuni za kuanguka, jambo ambalo linaruhusiwa. Akamkuta Mudathir ndani ya mviringo mmoja, kavua buti, kajifunika kikoi, kalala fofofo juu ya utafiti kama paka jikoni. Akamwamsha. Mudathir akaruka, akatafuta filimbi.

"Tulia, baba," Bibiana akamwambia. "Kwani chini kuna nini?"

"Kuna joto, mama. Weka mkono."

Akaweka mkono. Udongo ulikuwa na uvuguvugu mzuri, wa kudumu, usio na moshi.

Sasa mtu asimlaumu mama wa watu kabla hajajua tulivyolelewa. Hapa kwetu mwanamke akiepua chungu, majivu yakabaki na moto, akayaacha hivi hivi bila kutumbukiza hata kiazi kimoja, majirani watauliza kama anaumwa. Joto linalowaka bila kuivisha kitu chochote ni aibu ya nyumba. Na hapa palikuwa na joto la mchana na usiku, la umeme, limetoka huko Muheza kwa nguzo, linapasha majani makavu.

Basi akavundika. Alichagua miviringo ya chini, iliyo jirani na shamba lake. Alichimba pembeni ya makawa, akalaza mikungu, akafukia, akarudisha majani juu kwa ustadi hata sungura asingejua. Mudathir akawa anapata chane zake na kuendelea kulala. Ndizi zikatoka baada ya siku chache, zimeiva sawasawa, ngozi safi, tamu kupita za kiangazi.

Zilipofika dukani kwangu kusubiri lori, nilishika moja nikaigeuza. "Mama Anastazia, hizi umeziivishia wapi?"

"Kwa mradi."

"Mradi wameanza kuvundika?"

"Hapana. Mradi wamesahau jiko likiwaka."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilisema huyu mwanamke angezaliwa Pemba tungekuwa tumeshamiliki Mombasa. Kipupwe chote tukapeleka ndizi Horohoro, na wenzetu wa vijiji vingine wakabaki wanapuliza moto kwenye mashimo yao.

Kipupwe kilipokwisha, Daktari Alexander alikuja dukani na kompyuta yake, kwa sababu kwangu simu inashika mtandao. Uso wake ulikuwa wa baba aliyepata mtoto wa kwanza.

"Shikamoo, Mzee Hafidh."

"Marahaba. Yakhe, leo wang'ara."

"Mzee, udongo unahema mara tatu. Mara tatu! Hakuna popote duniani walipowahi kuona namba hizi."

"Wote unahema hivyo?"

"Hasa miviringo ya chini, ile inayopakana na mashamba. Nadhani mashamba ndiyo yanayouchokoza udongo. Hatukutegemea kabisa." Akanywa kahawa yangu mkupuo mmoja. "Mheshimiwa amefurahi mno. Kuna semina Tanga, azimio la Ukanda wa Utulivu litapitishwa huko huko."

Nikamjazia kikombe tena. Nikajikaza, nikauliza kama mtu anayeuliza habari za mvua. "Ebu niambie, daktari. Na tunda linaloiva, nalo hupumua?"

"Sana. Hasa ndizi. Ndizi ikiiva inahema kama mtu aliyepanda mlima mbio. Kwa nini?"

"Nauliza tu. Nauza ndizi."

Alipoondoka nilifunga duka mchana kweupe, watu wakadhani nimefiwa. Nikamkuta Bibiana anachuma iliki, kapiga magoti. Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatazama mikono yake.

"Kwa hiyo pumzi wanayoisema ni ya mikungu yangu."

"Nyingi yake."

"Na kwa sababu ya pumzi hiyo wanachukua shamba langu."

"Ndivyo."

"Basi shamba nimelitoa mimi mwenyewe, kwa mkono wangu." Hakulia. Alicheka kidogo, cheko baya ambalo sikulipenda. "Nitakwenda Tanga. Nitasema mbele yao."

Nilimwambia afikiri kwanza. Mudathir angefukuzwa, na yeye huenda wangemfungulia kesi kwa kuharibu mali ya utafiti. Akanijibu bila kunitazama.

"Mume wangu kalala pale, Hafidh. Nikinyamaza watamzungushia kamba. Mwambie Mudathir anisamehe."

Daktari alitupatia mwaliko bila kuuliza sababu, tukashuka Tanga siku moja kabla, tukalala kwa dada yangu Salme, mtaa wa Mabawa. Salme alimpikia Bibiana wali wa nazi kama anayemuaga bibi harusi, na usiku kucha wakazungumza habari za watoto, hawakugusia semina hata kidogo.

Ukumbi wa semina ulikuwa Usagara, mjini hapo hapo. Nimeishi duniani miaka mingi lakini sijapata kuona watu wanaozungumza joto wakiwa wamejikunyata hivyo. Viyoyozi vilikuwa vinapuliza baridi ya kipupwe chetu, madirisha yamefungwa, mapazia yamefungwa, taa zinawaka mchana. Nje magari makubwa yalikuwa yananguruma, madereva ndani yake, ili mabosi wakitoka wayakute yamepoa. Ukutani kulikuwa na bango refu: UDONGO UNAHEMA, TUUPUMZISHE. Kila mshiriki alipewa fulana yenye picha ya mapafu ya kijani. Bibiana alivaa yake juu ya gauni la kanisani, kwa sababu alikuwa anatetemeka. Nami nikavaa yangu juu ya kanzu, nikafanana na tangazo la dawa ya kifua.

Daktari Alexander akaonyesha michoro yake ukutani. Mstari ulikwenda vizuri, kisha kipupwe kilipoingia ukapanda kama mtu aliyekanyaga moto. Ukumbi ukaguna. Mheshimiwa akatingisha kichwa kwa huzuni iliyojaa furaha, akasema sasa sayansi imezungumza, na kabla ya kupitisha azimio akauliza kwa adabu kama kuna mwenye neno.

Bibiana akasimama. "Mimi naitwa Bibiana, nimetoka Kwemvumo. Ule mstari unaopanda pale ni ndizi zangu."

Mtu mmoja akadhani hakusikia vizuri, akaomba arudie. Akarudia. Akaeleza kuokota kuni, akaeleza uvuguvugu, akaeleza mikungu, na akamtetea Mudathir kwamba alikuwa mgonjwa wa baridi. Hakuomba radhi kwa maneno mengi. Alisema hakujua kwamba wanapima pumzi ya kila kilichomo, alidhani wanapima ya udongo tu, na kama angejua angezivundika kwingine.

Ukumbi ukaangua kicheko, kile cha kupiga meza. Mwingine akauliza kama zilikuwa kisukari au mzuzu. Mheshimiwa alifuta machozi kwa ncha ya tai yake. Mimi niliinamisha kichwa. Aliyekuwa hacheki ni Daktari Alexander peke yake, kasimama pale mbele na uso umempauka. Alimfuata Bibiana mpaka kwenye kiti, akachuchumaa mbele yake.

"Mama, nionyeshe ni miviringo ipi."

Akamwonyesha kwenye ramani, mmoja mmoja, kwa kidole. Kijana wa watu akaomba muda. Wenzake walikwenda kula pilau, yeye akabaki pembeni na kompyuta yake, jasho linamtoka katika baridi ile. Nilimpelekea sahani, hakuigusa. Niliona aibu kwamba nilikuwa tayari kumchukia.

Waliporudi wakijichokonoa meno, alisimama. "Mama amesema kweli. Nimeondoa miviringo yote iliyokuwa na ndizi. Ile mara tatu haipo. Nawaomba radhi." Akarudisha mchoro ukutani. "Lakini iliyobaki, ya juu, ambako hakuna mtu aliyevundika chochote, udongo uliopashwa unahema zaidi ya ule usiopashwa. Zaidi kwa nusu nzima. Hilo ni kweli na linatisha. Na jambo jingine: kabla ya kipupwe miviringo ya chini ilihema sawa na ya juu, kwa hiyo ukaribu wa mashamba hauongezi kitu. Iliki ya kivulini haina hatia. Kinachouhemesha udongo ni joto, basi."

Bibiana akanishika mkono. Nikasema alhamdulillahi kwa sauti, watu wakageuka. Nilifurahi kweli. Nilidhani tumeshinda.

Mheshimiwa akapekua karatasi zake. "Daktari, tusipotezeane muda. Udongo unahema, hauhemi?"

"Unahema, Mheshimiwa. Ila si kwa sababu ya—"

"Unahema. Basi azimio linabaki kama lilivyo."

Bibiana akasimama tena bila kupewa nafasi. "Mheshimiwa, daktari kasema si shamba. Ni joto."

"Nimemsikia, mama."

"Na joto linatoka wapi?"

Mheshimiwa akamtazama daktari. Daktari akajibu kwa sauti ndogo: viwanda, mitambo ya umeme, ndege, magari, misitu inayochomwa, mengi yake ya nchi za mbali, na kidogo yetu sisi. Nje magari yale yakawa yanaendelea kunguruma, tukayasikia sote.

"Basi kafungeni huko," Bibiana akasema.

Watu wakacheka tena, safari hii kwa upendo, kama unavyomchekea mtoto aliyeuliza mwezi unalala wapi. Mheshimiwa hakucheka. Alimjibu kwa upole, na upole ule ndio ulioniudhi kuliko kila kitu.

"Mama yangu, dunia hatuna uwezo wa kuifunga. Shamba lako tunao."

Akaomba wanaokubali wainue mikono. Ikainuka yote. Daktari Alexander alikuwa wa mwisho, mkono wake ukapanda taratibu, ukakaa nusu njia, lakini ulipanda. Nami sikuwa na haki ya kupiga kura, nilikuwa mgeni mwalikwa.

Nje, karibu na magari, Bibiana alimngoja. Daktari akaja na kichwa chini.

"Wewe umeona kwamba kosa si langu," akamwambia.

"Nimeona, mama."

"Na umesema mbele ya watu, Mungu akubariki. Halafu mkono umeinua."

"Mama, nisingeinua wangefunga mradi wote. Na kazi hii ni ya kweli. Lazima mtu aendelee kuupima ule udongo." Akahamishia kompyuta kwapa jingine. "Kuna awamu ya pili."

Bibiana akamgusa begani kama anavyowagusa wanawe, akapita. Mimi nisingemgusa. Mpaka leo sijui kama yule kijana alifanya vibaya, na hilo nalo linanikera, kwa sababu mtu mwenye hasira hupenda kujua aielekeze wapi.

Mudathir hakufukuzwa. Walimwongezea eneo la kulinda. Vigingi vilipigwa kabla ya vuli, kamba ikazunguka iliki na mikarafuu na migomba na kaburi. Iliki ilikuwa imeiva, ikaanguka chini, nikaisikia harufu yake nikiwa barabarani. Awamu ya pili ikaanzia hapo hapo, kwa sababu palikuwa karibu na nguzo. Wakafukia nyaya chini ya Ukanda wa Utulivu, wakaanza kuupasha. Bibiana alikwenda kukaa chumba cha uani kwa binti yake Anastazia. Akitaka kwenda kumsalia mumewe, anaomba kibali, anapewa nusu saa.

Mwezi uliopita walikuja wageni, Wazungu na wengine wa Dar es Salaam, kuutazama msitu. Nilikuwa nimemsindikiza Bibiana kaburini, tumefika mapema, tunasubiri nje ya kamba. Mwongozaji wao aliwasimamisha hatua chache kutoka tulipo, akanyoosha fimbo yake kuelekea mikarafuu. Akaeleza kwa Kiingereza, halafu kwa Kiswahili kwa ajili ya wale wa Dar, kwamba eneo lile lilikuwa limeathiriwa kwa muda mrefu na shughuli za kibinadamu, ila sasa shughuli hizo zimeondolewa.

Bibiana akasogea kwenye kamba. "Shughuli hizo ni mimi," akasema.

Mgeni mmoja, bibi wa Kizungu mwenye kofia, akamgeukia mwongozaji akauliza mama anasemaje. Kiingereza changu ni cha mizani na vipimo, lakini jibu la mwongozaji nililielewa. Alimwambia kwamba mama anawakaribisha.